Pumzi Iliyokaa Nje ya Chumba Namba Saba

Katika chumba namba saba cha hospitali, mpimaji wa mapafu alichomeka mrija mpya kwenye mashine, akambana pua Mama Chekeche kwa kibanio cha plastiki. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mama Chekeche alikuwa na miaka arobaini na saba, na jina hilo alipewa na wenzake katika kiwanda cha mikate, alikochekecha unga kwa miaka kumi na tisa.

"Vuta hewa yote unayoweza, mama. Halafu puliza kwa nguvu, kwa mkupuo mmoja, na usiache mpaka nikwambie."

Alipuliza. Mpimaji alimhimiza kama mtu anayesukuma gari bovu: "Toa, toa, bado, bado, bado kidogo." Machozi yalimtoka. Walirudia mara tatu, na mara zote tatu mstari kwenye karatasi ulipanda kidogo ukajilaza.

"Sekunde ya kwanza umetoa lita moja na robo," mpimaji alisema. "Mwanamke wa umri wako na kimo chako hutoa kama mbili na nusu. Nusu nzima haipo." Alinyanyua macho, akatazama nje kupitia mlango uliokuwa wazi. "Aa, ile pale. Imekaa kwenye benchi."

Mama Chekeche hakugeuka. Alijua pumzi yake iko pale, walikuja pamoja. Ilikuwa na umbo la Mama Chekeche mwenyewe, rangi yake kama kioo kilichopata mvuke, na ilikuwa imejiinamia kama wagonjwa wengine waliokuwa foleni. Ilianza kumtoka miaka sita iliyopita, mwaka uleule binti yake alipoolewa mbali. Mwanzoni ilikuwa ikitoka katikati ya wiki akiwa kazini na kurudi Jumapili akiwa amepumzika. Baadaye ikaacha kurudi.

Alipomweleza hayo, mpimaji aliuliza, "Miaka yote hiyo hukwenda hospitali?"

"Nimekwenda sana, mwanangu. Walinipa dawa ya kikohozi. Mwaka mwingine wakasema ni moyo. Mwingine wakasema ni mawazo, kwa kuwa naishi peke yangu. Hakuna aliyeniambia nipulize."

Mengine hakuyasema. Hakusema kwamba jioni pumzi ile hukaa naye mezani, kwamba akiizungumzisha humjibu kwa mluzi mwembamba, wala kwamba ndani ya nyumba ile hakuna mwingine wa kumjibu.

Mpimaji alimpa dawa ya kuvuta kupitia chupa ya plastiki, mara nne, taratibu. Kisha wakasubiri robo saa. Dakika ya kumi na moja pumzi iliinuka kwenye benchi na kuingia chumbani. Mpimaji alivuta kiti chake pembeni ili ipite. Mama Chekeche alifumbua mdomo, ikaingia, naye akahisi mbavu zake zikiachiana kama vidole vya ngumi inayokunjuka.

Alipuliza tena. Lita mbili na kidogo.

"Ni pumu," mpimaji alisema, akiandika.

"Pumu si ya watoto?"

"Huanza hata ukubwani. Hasa kwa watu wa unga. Daktari atakupa dawa ya kuvuta asubuhi na jioni, pamoja na barua ya kupeleka kazini."

Siku ile Mama Chekeche alipanda ngazi za nyumbani bila kusimama njiani. Alikula na kuosha vyombo, akajilaza chali, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka sita. Kifua kilikuwa kimya. Aliuliza, "Mlango tumefunga?" Akasubiri. Mwishowe aliamka mwenyewe kwenda kuangalia.

Kesho yake alimpelekea barua msimamizi wa zamu. Daktari alikuwa ameomba mambo matatu: mama huyu ahamishiwe kwenye kufungasha, wachekechaji wapewe barakoa nzuri, na chumba kiwekewe feni ya kunyonya vumbi.

Msimamizi aliisoma akiwa amesimama kwenye chumba cha kuchekechea. Nyuma yake, pumzi kumi na moja zilikuwa zimepangana ukutani, nyeupe kwa unga, kila moja ikimtazama mwenyewe akifanya kazi.

"Nitaipeleka juu," alisema.

"Na hizo?"

Msimamizi alizitazama. "Hizo hazimo kwenye orodha ya wafanyakazi."

"Wenyewe wamo."

"Wenyewe hawajapimwa, mama. Asiyepimwa haumwi." Kisha akaigeukia mojawapo ya pumzi zile, iliyokuwa imeegemea magunia, akaiambia isimame wima.

Mama Chekeche aliwaambia wenzake, mmoja baada ya mwingine, wakati wa mapumziko, waende kupimwa. Wote walikubali. Lakini mashine ilikuwa moja kwa wilaya nzima, kipimo kilifanywa Jumanne moja tu kwa mwezi, na asiyefika kazini Jumanne alihesabiwa mtoro. Jibu la barua halikuja. Alirudi kwenye chekeche lake, kitambaa kimefungwa puani, na kabla ya Ijumaa pumzi yake nayo ikawa ukutani na wenzake, ya kumi na mbili.

Dawa ya jioni ilikuwa ya saa moja. Wiki ya kwanza aliivuta saa moja kamili, pumzi ikaingia, nyumba ikanyamaza. Wiki ya pili aliivuta saa mbili kasoro. Ya tatu ilikuwa saa mbili na nusu, na hapo katikati alikaa mezani akiisimulia pumzi habari za kiwandani, mabega yamepanda kwa kukosa hewa, naye akisikiliza mluzi kana kwamba anasikiliza jambo la maana. Binti yake alipopiga simu na kumuuliza kama ameshavuta dawa, alisema ndiyo.

Mwezi uliofuata kiwanda kiliajiri mchekechaji mpya, mwanamke kijana mwenye kicheko kirefu. Baada ya wiki tano alianza kukohoa. Asubuhi moja kitu cheupe, kidogo, kilisimama nyuma yake bila kujua kiende wapi. Msimamizi alikielekeza ukutani kwa kalamu.

"Hiyo ni yako," Mama Chekeche alimwambia yule mwanamke. "Nenda kaandikishe jina hospitali. Foleni ni ya miezi minane."

"Nitaomba ruhusa kwa nani?"

Mama Chekeche alimwonyesha msimamizi. Kisha wote wawili wakaendelea kuchekecha.