Duka Lililofungwa kwa Sindano

Mwalimu wa mazoezi, ambaye mtaa mzima ulimwita Chuma, alikuwa na mikono minene mpaka mashati yakamshinda dukani. Miaka minne ya ndoa, mtoto hakuna. Kwa akili yake akaona kilichopungua ni uanaume, akaanza kujidunga homoni za kiume kila wiki. Mimba ilipozidi kukawia, naye akazidisha dozi.

Mkewe, fundi wa miwani, alikuwa ameshapimwa akaonekana mzima. Siku moja alimkokota mumewe akapimwe, kisha wakaenda kuchukua majibu kwa daktari, mama mmoja mfupi asiye na haraka.

"Majibu ya mbegu haya hapa," daktari alisema. "Haikuonekana hata moja. Baba, kuna dawa unatumia?"

Chuma akatunisha kifua. "Sindano za kuongeza uanaume, daktari. Hizo sikosi hata wiki."

"Basi mchawi ndiye huyo. Mwili ukiona homoni zinaletwa kutoka nje, unaacha kuzituma korodani kazini. Zako zimefunga duka."

Mkewe alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka machozi. Chuma naye akacheka, ingawa moyo ulimuuma vibaya.

"Nikiacha, zitafungua?"

"Wengi hufungua, lakini ni miezi, si siku. Tutakusimamia, ila ahadi sitoi."

Akaacha. Loo, aliona cha moto! Usingizi ulimwelemea, misuli ikanywea, wanafunzi wake wakaanza kumzidi kunyanyua vyuma na kumwita Pamba. Mwezi wa tano alichukua sindano ya mwisho iliyobaki kabatini, akaishika muda mrefu mbele ya kioo. Alitamani sana kuwa Chuma tena. Kisha akampelekea mkewe, akamwomba aitupe yeye.

Mwezi wa tisa vipimo vilionyesha mbegu, chache lakini zinakimbia. Baada ya hapo wakasubiri tena, kila mmoja akijifanya hahesabu siku.

Asubuhi moja mkewe aliingia ukumbi wa mazoezi akiwa bado na koti la kazini.

"Imeshika," alisema.

Chuma alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti, mbele ya wote waliomcheka. Halafu akainuka, akatoka mbio hadi barabarani, akamshika mkono mpita njia wa kwanza.

"Ndugu yangu, sikuwa na hata moja! Umesikia? Hata moja!"