Kuzifagia Nyayo za Hafidha

Alilolitambua Harusi kwanza ni kwamba mguu wa kushoto wa dada yake haukanyagi sana. Wa kulia uliacha shimo mchangani, kisigino na vidole vyote. Wa kushoto uligusa tu, kama wa mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Walikuwa wamekaa nyumba moja huko mtaani Barani karibu miaka yote tangu azaliwe, naye alikuwa hajapata kulijua hilo. Alilijua siku ile, pwani ya Kuruwitu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzifuta nyayo hizo.

Hafidha alikuwa akipigwa picha ya video ya wimbo wake. Video ndiyo kwanza zilikuwa zikiingia, na Gitau, aliyetoka Nairobi na bendi yake na kamera yake, alitaka kila mara wimbo uanze upya juu ya mchanga usiokanyagwa na mtu. Basi Hafidha hutembea akenda zake mpaka kwenye majabali, mdomo ukifuata maneno ya kanda iliyokuwa ikilia kwenye spika, kisha hurudi. Naye Harusi huinama na ufagio wa chelewa, akaenda kinyumenyume, akifuta nyayo za dada na zake mwenyewe pamoja. Akifika mwisho, pwani hubaki nyeupe na laini, kana kwamba hapajapata kuzaliwa mtu.

Maji yalikuwa yamekupwa mbali. Mwanga ulishuka kutoka juu na kupanda kutoka chini, mpaka Harusi akajiona yumo usingizini: wimbo ule ule, dada yule yule katika gauni la buluu, anaondoka, anarudi, anaondoka. Sauti ilitoka kwenye mivinje, zilikotundikwa spika. Mwenye sauti alikuwa kule mbali, amewapa mgongo.

"Msichana!" Gitau aliita. "Futa hiyo miguu haraka, jua inaenda!"

"Aifute vipi, bosi, na mwenyewe bado aitaka?" akasema Karisa, mtu wa Kilifi aliyekodiwa pamoja na spika zake.

Hata Harusi alitabasamu, uso ukiwa chini.

Mara betri zikachoka. Kanda ikaanza kujikokota, na sauti ya Hafidha ikashuka, ikawa nzito kama ya mwanamume mnene.

"Haya! Dada keshakuwa shehe!" Karisa akapiga kelele, akikimbia kuizima.

Betri nyingine zikatafutwa, na ndugu wawili wakaketi chini ya mvinje. Hafidha alijifunika leso mabegani. Aliwahi kuolewa, akaachika, akarudi kwa bibi yao, na tangu hapo akawa anaimba kwenye harusi za wanawake, mpaka kanda ya harusi moja ikamfikia Gitau. Bibi alikwisha kusema yeye hana la kuongeza; mtu mzima ajiamulie.

"Gitau ataka jibu leo, kama naenda Nairobi na bendi yake au siendi," Hafidha alisema. "Gari lao laondoka kesho alfajiri. Nikienda, ni kwenda kukaa, si kutembea. Nikibaki, watatafuta mwimbaji mwingine."

Harusi alichora duara mchangani kwa kidole.

"Nakuuliza wewe, mdogo wangu. Sema baki, nabaki. Wallahi nabaki."

Neno lilimpanda Harusi mpaka mdomoni. Lilikuwa neno dogo sana. Akalimeza.

"Kuzungumza nawe ni sawa na kuzungumza na mtungi," Hafidha akasema, akimsukuma bega. "Na mtungi nao, ukiuitia ndani, hujibu."

Kazi ikaendelea, lakini sasa ufagio ulikuwa mzito. Bibi yao hakuruhusu mtu kushika ufagio siku ambayo mtu wa nyumba anasafiri. Mlango hukaa na vumbi lake mpaka kesho yake, kwani anayefagia nyuma ya msafiri huifagia na njia yake ya kurudia. Asubuhi Harusi hakuliwaza hilo. Dada alikuwa kazini tu, akienda majabalini na kurudi. Sasa kila chelewa zilipokwaruza mchanga, aliinua macho kumtazama dada.

Hafidha alikuwa amefika katikati ya pwani kanda ilipokatika tena. Gitau alimpungia mkono aendelee kutembea. Hafidha akaendelea kutembea, na akaendelea kuimba, peke yake, bila spika. Sauti ikapita juu ya mivinje na mapaa ya makuti. Wanawake waliokuwa wakitafuta pweza mwambani wakainua vichwa. Harusi alisimama kinywa wazi. Hakuna nyumba ya Barani, aliona, yenye kuta za kuitosha sauti ile.

"Nzuri sana!" Gitau alisema. "Mara moja tena, ya mwisho. Msichana, fagia!"

Harusi alisimama mbele ya unyayo wa kwanza. Hakuinama.

"Msichana!"

"Sifagii."

"Unasema nini?"

"Sifagii," alirudia, na safari hii sauti ilimtoka kubwa, ikafika majabalini. "Huyu ni msafiri."

Karisa alianza kucheka, kisha akanyamaza. "Bosi, hapo mwachie. Hata kwetu, msafiri hafagiliwi nyuma yake."

Gitau alilitazama jua, akautazama ufagio, akautazama uso wa binti ambaye tangu asubuhi hakumsikia akisema neno. "Haya," akasema, akaifunika kamera. "Picha tunayo."

Hafidha alikuja taratibu, akipita kando ya nyayo zake bila kuzikanyaga. Alisimama mbele ya mdogo wake, gauni likipeperuka.

"Umeniita msafiri."

Harusi akaitika kwa kichwa.

"Yaani niende." Hafidha alijaribu kucheka. "Wala husemi kama utanikumbuka."

Harusi aliulaza ufagio mchangani. Hakuinamisha uso.

"Dada," akasema, "alfajiri ukiimba jikoni, mimi huwa nimeshaamka. Hujilaza tu, nikafumba macho, usije ukanyamaza."