Kikamulio cha Ofisini

Nilikuwa natumikia adhabu ya kudeki bwalo, kwa kosa dogo tu la kutia chumvi kwenye chai ya viranja, ndipo nikaviona vidole vya mama wa usafi. Dawa ya sakafu ilikuwa imevipasua, na bado alikuwa akikamua dekio kwa mikono. Hasira zikanipanda.

Maana kikamulio tulikuwa nacho! Ndoo ya magurudumu yenye mpini wa chuma: unatumbukiza dekio, unabana, maji yote yanatoka. Makamu wa mkuu wa shule alikuwa amekifungia ofisini miezi minne, ndani ya nailoni yake, kisipoteze mng'ao kabla wakaguzi hawajaja.

Wakaja. Makamu akakisukuma hadi bwaloni kwa maringo ya bwana harusi, akamwamuru mama awaonyeshe wageni kazi. Mama akainua dekio juu ya kikamulio, akalikamua kwa mikono.

"Bana mpini, mama! Huoni?" Makamu akang'aka.

"Ningejuaje, mwalimu? Ndiyo kwanza nakiona leo."

"Unaniaibisha mbele ya wageni!"

"Mimi ndiye ninayekuaibisha?" Akamnyooshea vidole. "Na hivi hukuviona miezi yote minne?"

Makamu akacheka, akacheka peke yake.

Mama akabana mpini mara moja, akatazama maji yanavyomwagika, kisha akaivuta ndoo kuelekea stoo yake.

"Jioni kirudi ofisini!"

"Njoo ukichukue," mama akajibu bila kugeuka.

Nikampigia saluti. Nikaongezewa wiki mbili za kudeki, nami nikazipokea kwa heshima zote.