Vitana vya Profesa na Msasa Wangu
Mimi sina simile, nikiudhiwa nasema. Profesa wetu, ambaye akigeuka tu tunamwita Mzee Vitana, alinicheka mbele ya maabara nzima, eti nimeleta msasa wa seremala kwenye mashine ya eksirei. Ni kweli niliuchukua kwa kaka yangu, fundi makabati. Lakini kicheko kile kiliniuma, na mkataba wangu ulikuwa unaisha Ijumaa.

Shida yenyewe ni hii. Eksirei ya kawaida huona mfupa. Nyama laini huiona kama ukungu. Sisi tunanasa namna miale inavyopinda kidogo sana ikipita kwenye nyama. Profesa huinasa kwa vibao vyenye mistari ya dhahabu, myembamba kama meno ya kitana, kazi ya miaka tisa. Ukikohoa vinahama, naye huanza kuvipanga upya huku akikutazama kama uliyemroga. Mimi naweka msasa mbele ya miale. Chembe zake zinatupa madoa, nyama inayasogeza, kompyuta inapima. Tena meno ya vitana vyake yanahisi mpindo wa upande mmoja tu, chembe zangu pande zote. Hilo hakutaka hata kulisikia.

Nikamwambia tushindanishe. Akakubali kwa dharau: nikishinda nabaki, nikishindwa nifungashe virago.

Tukapiga picha kipande kimoja cha titi lenye uvimbe, kilichotoka kwenye upasuaji, kwa njia zote mbili. Daktari mpasuaji alitaka kujua mizizi ya uvimbe inaishia wapi. Akazichanganya picha, akaandika namba mbele na jina la njia nyuma. Roho yangu ilikuwa juu. Profesa akaenda moja kwa moja kwenye picha ya pili, akatusomesha robo saa nzima: tazameni uzi huu mwembamba, msasa ungeuonea wapi?

“Hii ni damu yangu,” akasema. “Naijua hata gizani.”

Daktari akasema naye anaichagua hiyohiyo, maana ndiyo pekee inayoonyesha mizizi yote. Kisha akaigeuza. Nyuma iliandikwa msasa.

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumkata maini, nikayaacha. Mzee wa watu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama picha tena. Nikamwonea huruma, nikajichukia kwa hilo. Akauliza kwa sauti ndogo mkataba wangu mpya uko wapi.

“Mezani kwako, Profesa,” nikasema. “Tangu mwezi wa tatu.”

Akaenda kuutafuta. Akarudi nao, akausaini amesimama, bila kuuweka mezani, hadi ikabidi nimshikie karatasi.