Kopo la Sita

Désiré Tapsoba alivunja mlango wangu saa nne asubuhi, jua limeshapanda na majirani wako nje wanapepeta mtama. Hakubisha hodi. Alipiga teke moja, komeo likang'oka na misumari yake yote miwili, akaingia na kofia yake ya pikipiki mkononi, ameishika kama mtu aliyebeba jiwe.

"Liko wapi kopo?"

"Salamu kwanza, mwanangu."

Akanipiga kwa ile kofia. Ilinipata juu ya sikio la kushoto, nikaangukia mtungi wa maji, mtungi ukapasuka, maji yakanilowesha mpaka kiunoni. Mdomo ulijaa damu. Jino la pembeni lililokuwa linalegea tangu Krismasi likatoka lenyewe, nikalitema kiganjani, nikalitia mfukoni.

"Shangazi, sitaki kukuua," alisema. "Nipe kopo la baba yangu."

Nyuma yake, mlangoni, alisimama Noaga Ilboudo, mtunza ghala la filamu, mzee mwenzangu. Tulifanya kazi pamoja miaka thelathini. Hakuweza kunitazama. Hapo nikajua ni nani aliyenitaja.

Kopo lenyewe lilikuwa hatua tatu kutoka kwenye miguu ya Désiré, ndani ya chungu kikubwa cha kupikia pombe ya mtama, limezungukwa na mkaa wa kunyonya unyevu, limefunikwa kwa sinia. Mkaa huo niliubadilisha kila mwisho wa mvua. Nimeiba, ndiyo, lakini nilichoiba nilikitunza.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuja Ouaga bwana mmoja kutoka Paris, anaitwa Gaspard, mrefu, ana miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kichwa. Kampuni yake huchukua sinema za zamani, zile wanazozipenda maprofesa, inazisafisha picha moja moja, halafu inazitoa kwenye diski zenye picha kali za kutazamia nyumbani. Alikuja na orodha ya filamu sita za kwetu. Nafasi ilikuwa moja. Noaga akaniita kutoka kwenye ustaafu wangu, kwa sababu makopo yale niliyafunga mimi na maandishi ya juu ni ya mkono wangu.

"Mla kichwa cha mbwa," aliniamkia mlangoni mwa ghala, "leo umekula cha nani?"

"Mtumwa wangu," nikamjibu, "nani alikupa ruhusa ya kusema kabla sijakaa?"

Tukacheka. Yeye ni Mmosi, mimi ni Msamo. Sisi ni watani tangu enzi za mababu: wao hutuita wala mbwa, sisi tunawaita watumwa wetu. Matusi yetu hayaumi na hayakasirikiwi. Kuna jambo moja tu lisiloruhusiwa: mtani hamwagi damu ya mtani. Akiimwaga, aje mwenyewe, akae chini, aombe.

Mimi nilidhani watu kama Gaspard hukaa wakatazama sinema, na iliyowaliza ndiyo wanayoichagua. Sivyo. Jambo la kwanza anauliza mkanda mama uko wapi, yaani ule uliopita ndani ya kamera yenyewe, ambao nakala zote zimezaliwa kutoka kwake. Ukiwepo, anafungua kopo na kunusa kama mwanamke anayenusa mchuzi wa jana. Harufu ya siki maana yake mkanda unaoza. Halafu anaweka vikaratasi vya buluu ndani ya makopo, analala, anarudi: kikigeuka njano, filamu hiyo ameagana nayo. Baada ya hapo anauliza ni nani katika familia mwenye haki ya kutia sahihi. Uzuri wa filamu unakuja mwisho, ukifuatwa na swali moja dogo: kuna hadithi gani ya kusimulia pamoja nayo?

Filamu ya kwanza ilitoa siki mpaka macho yakatuwasha. Mbili zilikuwa na vikaratasi vya njano kama kiini cha yai. Nyingine mbili mikanda mama yake ilibaki ughaibuni, kwenye maabara iliyofungwa zamani, na hakuna ajuaye ilitupwa wapi.

Ikabaki "Kisima cha Tiga", ya marehemu Yamba Tapsoba, babake Désiré. Makopo tisa. Vikaratasi vilibaki buluu vyote, Gaspard akawa anapiga mluzi. Alipofika la sita akakuta nafasi tupu na vumbi la mviringo.

"Bila la sita hakuna filamu," akasema, akakaa juu ya kreti.

"Nakala ya kuonyeshea ipo," Noaga akamwambia.

"Nakala imechunwa kama mgongo wa punda, na maandishi ya tafsiri yamechomwa juu ya picha. Wanaonunua diski hizi, mzee wangu, wanataka kuhesabu vinyweleo vya mkono. Wanataka kuona jasho likitoka."

Nikajisingizia haja nikatoka nje.

Ndani ya kopo la sita yumo mdogo wangu Honorine, ana miaka kumi na tisa, anapigwa.

Filamu hiyo ilipigwa mwaka sabini na tisa. Honorine aliigiza mke anayesingiziwa kutia sumu kisimani. Yamba mwenyewe, aliyekuwa mwongozaji, aliigiza mume. Kwenye karatasi iliandikwa mume anainua fimbo, basi, picha inakatika. Mimi nilikuwepo, natunza nguo za waigizaji. Yamba aliinua fimbo ya mwarobaini, na haikuishia hewani. Ya kwanza ilimpata begani. Honorine akapiga kelele: "We mtumwa wangu! Unaniua, mtumwa wangu!"

Tukacheka. Msamo anamtukana Mmosi, Mmosi anamchapa Msamo, tukaona ni utani umewapanda kichwani katikati ya kazi. Kadiri alivyolia ndivyo tulivyocheka. Noaga aliyeshika ubao wa namba alijishika mbavu. Mtu wa taa alikaa chini kwa kicheko. Na mimi nilicheka, dada yake wa tumbo moja. Fimbo ilivunjika, Yamba akaendelea kwa kipande chenye ncha, na ncha hiyo ikaingia kwenye jicho la kushoto. Hapo tukanyamaza. Kamera haikuzimwa. Ilizunguka dakika nne bila kukatika, na dakika hizo nne ndizo maprofesa wameziandikia vitabu.

Yamba hakuja kukaa chini. Alimtuma Noaga alete kitenge na maneno: "Mwambie mla mbwa anaigiza vizuri sana." Jicho lilitolewa hospitalini siku ya tatu.

Mwaka huohuo nilifundishwa kazi ya mkasi maabarani, na filamu ya kwanza niliyopewa kuikata ilikuwa hiyo. Mkata mkanda haamui kitu. Analinganisha namba za pembeni na kuunganisha. Niliunganisha kupigwa kwa mdogo wangu na picha ya kisima, vizuri, bila alama. Yamba alipokufa ndipo nikabeba kopo chini ya kanga, nikatoka nalo getini.

Sasa mwanawe alikuwa anapindua nyumba yangu. Alitupa magunia, akapasua kabati kwa teke, sahani za harusi yangu zikamwagika. Nilipomshika mguu alinikanyaga vidole, nikasikia kimoja kikilia. Nikamuuma kwenye shavu la mguu, nikang'ang'ania kwa meno niliyobakiwa nayo, naye akanipiga ngumi za mgongo, moja, mbili, tatu, mpaka pumzi ikakata.

"Noaga!" nikapiga yowe. "Utatazama tena?"

Noaga akajaribu kama tunavyofanya kwetu watu wakigombana, kutia utani katikati ili aibu iwatenganishe. "Jamani Désiré, mwache huyu mla mbwa, nyama yake ngumu, utavunjika meno bure..."

"Nyamaza!" Sauti hiyo ilitoka uani.

Honorine, ninayeishi naye, aliingia na mchi. Alikuwa anatwanga mbegu za sumbala, kiungo chetu cha mchuzi, mchi bado una unga mweusi kichwani. Alimwendea Désiré kutoka upande wa jicho lake zima, akaushusha mchi kwenye kiwiko. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Désiré alianguka juu ya sahani zilizovunjika akapiga ukelele, na Honorine akampiga tena, kwenye paja, halafu kwenye mbavu. Angeendelea, nilimwona usoni.

"Noaga, cheka," akasema, anahema. "Cheka basi. Siku ile ulicheka."

Noaga akarudi nyuma hadi ukutani.

Ndipo akaingia Gaspard. Kumbe alikuwa ndani ya gari barabarani, ameambiwa na Désiré kwamba bibi amekubali kwa moyo mweupe na kopo linaletwa. Akasimama kwenye maji yenye damu na viatu vyake vya turubai.

"Mungu wangu. Niite polisi? Niite daktari?"

"Kaa," Honorine akamwambia. "Unataka kopo la sita? Tazama kilichomo." Akavuta kitambaa kilichofunika upande wa uso, akamwonyesha shimo la jicho. Akamsimulia yote, kwa maneno machache kuliko niliyotumia mimi hapa, mchi bado umelala juu ya kifua cha Désiré.

Gaspard alivua miwani zote mbili. Alikuwa na machozi, sitamsingizia. Lakini alipomaliza kuyafuta niliona kitu kingine machoni, ule mwanga aliokuwa nao ghalani vikaratasi vilipobaki buluu.

"Mama," akasema polepole, "haya ungeyasema mbele ya kamera. Tuyaweke kwenye diski, kabla ya filamu. Watu wajue. Kamati yangu haiwezi kukataa filamu yenye ushuhuda kama huu."

"Na kupigwa kwangu kutaonekana?"

Alisita. "Kutaonekana vizuri kuliko kulivyowahi kuonekana."

Honorine akanigeukia. "Dada. Kata."

"Hiyo ni ya baba yangu!" Désiré alijaribu kuinuka, Honorine akausukuma mchi, akarudi chini akikohoa. "Mnaua filamu ya nchi! Wachawi nyie! Hakuna mkanda mama mwingine, mwulizeni huyo mzungu, hakuna mwingine!"

Alisema kweli, ile nakala iliyochunwa haikufaa kwa diski. Sitaki mtu afikiri sikulijua hilo. Nilitoa kopo kwenye chungu, nikafuta mkaa, nikakaa mkekani. Kidole kilichokanyagwa kilikuwa kimevimba, nikatumia vingine. Nilivuta mkanda kuelekea dirishani mpaka nikafika kwenye namba ninazozikumbuka kuliko siku ya kuzaliwa kwangu. Kwenye mkanda mama kila kitu kimegeuzwa, cheusi ni cheupe na cheupe ni cheusi. Yamba alikuwa mweupe, fimbo nyeusi, na damu iliyomtoka Honorine nyeupe kama maziwa. Damu ya sikio langu ilidondokea juu yake, nikaifuta kwa upindo wa nguo. Nikakata kabla ya fimbo ya kwanza. Nikavuta mita mia na zaidi, mkanda ukajaa chumbani mpaka magotini, nikakata baada ya kamera kusimama. Honorine akaubeba wote kifuani, akautia motoni chini ya sufuria ya sumbala. Haukulipuka. Ulijikunja, ukatoa moshi mzito, majirani wakakohoa hadi nyumba ya nne.

Mwisho Gaspard akasema, kama anayeongea na nafsi yake: "Sauti ipo."

"Sauti gani?" Honorine akauliza.

Nikamweleza mimi. Katika kazi yetu picha ina mkanda wake na sauti ina wake. Kopo la sauti la sita lilikuwa ghalani, zima, Gaspard alikuwa amelishika jana yake.

"Kuna nini humo?"

"Kila kitu. Kelele zako. Na kicheko. Yamba alikiacha, akasema watu watadhani ni wanakijiji."

Noaga alipiga magoti kwenye maji. Miaka arubaini na zaidi, hatimaye mtu alikaa chini mbele ya Honorine. "Dada yangu, na hiyo ikatwe. Nakuomba. Kicheko changu kila mtu mjini anakijua. Watoto wangu watakisikia."

Nami nilitaka ikatwe, nakiri. Mkasi ulikuwa bado mkononi. Nikasema, "Honorine, na mimi nimo humo."

"Najua umo. Unaanza kabla ya Noaga, unanyamaza baada yake." Alisema bila hasira, akipangusa mchi. "Wiki ya kwanza gizani, macho yote yamefungwa bandeji, hiyo ndiyo niliyokuwa naisikia. Hiyo haikatwi. Waitoe hivyo hivyo, na picha iwe nyeusi."

Tulimpeleka Désiré kuungwa kiwiko na mimi kushonwa sikio, kwenye gari moja. Kamati ya Paris ilibishana msimu mzima wa mvua. Wengine walisema filamu bila dakika zile si filamu tena. Wengine walisema sasa ndiyo imekuwa. Mwisho wakaichagua. Désiré alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haunyooki.

Kisha ikaja barua ya mwisho kutoka kwa Gaspard, ya kijitabu kinachowekwa ndani ya diski. Aliuliza jambo moja tu: katika dakika nne zile za giza, wanaocheka ni akina nani?

Honorine akanipa kalamu, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Akakaa karibu yangu akinitajia, naye hakukosea hata mmoja. Niliandika majina kumi na moja, moja chini ya jingine, na mahali pa langu niliandika langu.