Wa Kule Nyuma, Mnanisikia?

Mgombea wa upinzani alikuwa kinyozi. Asubuhi za kampeni alinyoa kwanza vichwa viwili vitatu, akapangusa mashine, ndipo akaenda kuomba kura. Mdogo wa mkewe alikuwa fundi wa spika. Ndiye aliyezifunga juu ya gari, akatandaza waya, akagonga maiki kwa kidole na kusema: "Haloo, haloo. Moja, mbili. Wa kule nyuma, mnanisikia?" Hakumpa mtu maiki mpaka wa nyuma wajibu. Waya nazo alizikunja mwenyewe, maana wengine, alisema, hukunja waya kama wanaofunga kuni.

Mkutano wa mwisho ulivunjwa na askari. Kinyozi aliruka uzio, na hilo halikuwa siri, kwani suruali yake ilichanika mbele ya kadamnasi.

"Shemeji, twende."

"Tangulia. Nakunja waya."

Watu walimwona fundi akiingizwa kwenye gari jeupe, waya zikiwa bado begani. Kituoni waliambiwa hakuna mtu kama huyo. Kura zikapigwa, kinyozi akashindwa, na kwa muda mrefu hakuweza kumtazama mkewe usoni.

Kampeni iliyofuata alishika maiki ya kuazima, akafungua kinywa kuwasalimia wananchi, na kwenye spika ikatoka sauti ya shemeji yake: "Haloo, haloo. Moja, mbili. Wa kule nyuma, mnanisikia?" Wa nyuma wakajibu kwamba wanamsikia. Kinyozi alibadilisha maiki, akabadilisha gari, lakini maneno yake yaliishia mdomoni na spika ikaendelea na moja, mbili. Chama tawala kililalamika kwamba anapigiwa kampeni na mtu asiyejulikana alipo. Wasimamizi wa uchaguzi wakapekua sheria, wakasema haikukataza. Safari hiyo kinyozi alishinda, akawa diwani.

Siku ya kikao cha kwanza, mama mkwe wake alimsubiri sebuleni, amevaa viatu vya kutokea. Bisibisi ya mwanawe ilikuwa mfukoni mwa sweta lake.

"Baba, utamuuliza?"

"Nitamuuliza, mama."

"Usimfokee. Muulize tu alipo, nikamchukue."

Ukumbini, mama alikaa kiti cha nyuma kabisa, upande wa wananchi. Kinyozi alibonyeza kitufe cha maiki, akasimama, na badala ya kuzungumzia zahanati aliyowaahidi watu wake, akauliza: "Shemeji, uko wapi?" Midomo yake ilicheza tu. Spika ikajibu kwa sauti ya fundi:

"Niko hapo nje, kisimani. Mwangwi ni mwingi, na unyevu huu utaozesha waya. Wa kule nyuma, mnanisikia?"

"Tunakusikia, mwanangu," alijibu mama.

Kisima kilijulikana. Kilizibwa kwa zege wiki ileile ya uchaguzi wa kwanza, na juu yake ndipo gari la mwenyekiti wa halmashauri lilipoegeshwa kivulini. Mwenyekiti alisema suala la kisima halimo kwenye ajenda. Hata hivyo, iliundwa kamati kuchunguza mwangwi. Kamati ilipendekeza zulia, zulia likatandikwa, na kweli sauti ya fundi ikasikika bila mwangwi.

Katibu alimnong'oneza kinyozi kwamba akizungumza bila maiki atasikika mwenyewe, na hoja zake zitaandikwa. Akajaribu. Alitetea zahanati kwa koo lake, akaungwa mkono hata na mahasimu. Alipotoka, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, vifungo vya sweta vimekwenda upande.

"Leo hakuja?"

"Hakuja, mama."

"Labda amechoka."

Kinyozi aliumia kuliko siku ile ya uzio. Tangu hapo, kila kikao alibonyeza kitufe. Zahanati haikutajwa tena. Mtaani wakaanza kumwita Diwani Bubu, na wateja wakahamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

"Watakutoa," mkewe alimwambia. "Na wakikutoa, mama atakwenda kumsikia wapi?"



Kikao cha mwisho kabla ya uchaguzi kilifika. Kinyozi alisimama, akabonyeza.

"Haloo, haloo. Moja, mbili. Maji yanadondoka huku tena. Kuna mtu anaosha gari. Wa kule nyuma, mnanisikia?"

"Tunakusikia, mwanangu."

Mwenyekiti, ambaye siku hizi alimwachia mama amalize ndipo aendelee, alichungulia dirishani. Akamtuma tarishi amwambie dereva akaoshe gari mahali pengine na akimaliza alirudishe palepale kivulini.

"Ahsante, baba," alisema mama, kwani alikuwa mtu wa adabu. Kisha akaigeukia spika. "Umesikia? Sasa hutalowa."

Mwenyekiti akasoma ajenda iliyofuata, ya kupanua maegesho. Kinyozi alikuwa bado amesimama, kidole kwenye kitufe.