Foleni ya Uji wa Jua

Usiku wa jana niliota niko kwenye foleni ya uji katikati ya msitu, nimembeba mwanangu Zawena mgongoni. Nilijua kilichonileta. Malaria ilikuwa imemtoka, lakini siku ya tatu sasa mtoto hataki kula. Nimemchemshia supu ya mbuzi, nimemkaangia maini, nimembembeleza mpaka nikalia mwenyewe. Anafumba mdomo tu.

Mbele kabisa yuko Jua, amevaa aproni. Anamimina mwanga kwenye karai la Mchicha, Mchicha anaukoroga, unakuwa uji. Nyuma ya Mchicha yuko Panzi, kisha Chura, kisha Nyoka, kisha Kipungu amekunja mabawa. Sisi tuko nyuma ya Kipungu.

"Sheria ni moja," anasema Jua. "Unakula mafungu tisa, unapitisha moja."

Mchicha anakula, anampa Panzi bakuli. Panzi anakula, anampa Chura kikombe. Chura anampa Nyoka kijiko. Kipungu anapata tone, analilamba, kisha ananigeukia kwa heshima zote.

"Samahani, mama. Fungu lenu liko hapa kwenye ncha ya mdomo, ila hata mimi silioni."

"Na hayo mafungu tisa yanakwenda wapi?" nauliza. Nimeshapandwa na hasira.

"Mimi yangu nimeyamaliza kwa kuruka," anasema Panzi. "Niguse."

Namgusa. Ana moto kama birika.

"Ndiyo hayo. Yakishakuwa joto hayarudi kwenye bakuli."

Pembeni ameketi Uyoga, sahani tupu mapajani. Namwambia apange foleni kama wenzake.

"Mimi sipangi, mama. Kila mtu huishia kwangu." Anamtazama Zawena. "Wengine huwahi."

Nikamwomba Jua ammiminie mtoto moja kwa moja. Akamkagua viganja, mbele na nyuma.

"Hana kijani. Ataungua bure. Nani alimweka nyuma ya Kipungu?"

"Mimi. Nilidhani huku ndiko wanakokula vizuri."

"Msogeze."

Naanza kutembea, na msitu unakuwa jikoni kwangu. Foleni imezunguka jiko la mkaa. Nafika kwa Panzi, namwomba nafasi. Analalamika kwamba amefika tangu alfajiri na miguu inamuuma, naye miguu anayo mirefu. Halafu anamtazama mtoto, anarudi nyuma hatua moja.

Zawena anashika bakuli kwa mikono miwili. Anakunywa. Nasikia koo lake likifanya kazi.

Uyoga anafunika sahani yake. "Basi," anasema, "nitangoja." Sijawahi kufurahia maneno ya uyoga kiasi hicho.

Nikaamka. Zawena hayupo kitandani. Nikakimbilia jikoni pekupeku. Kumbe amekaa sakafuni, sufuria ya mchicha niliojibakizia jana iko katikati ya miguu yake, anakula kwa vidole, kidevu chote kijani. Nikaketi pale pale, nikacheka huku machozi yananitoka.

Aliposhiba, akaisukuma sufuria mpaka kizingitini. Ndani yake kulikuwa na majani machache.

"Malizia basi, mwanangu," nikamwambia.

"Hapana. Hayo ya Panzi. Alinipisha."